Fidia ya Shamba la Marehemu Mume Wangu na Tarehe Zilizoibeba

Katika kijiji chetu, chini ya safu ya milima ya Uporoto mkoani Mbeya, sehemu ya shamba letu la kahawa ilihitajika kwa ajili ya mradi wa umma, na mume wangu, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye fomu za uthamini, alifariki dunia kabla fidia haijalipwa. Jambo lililoanza kama hesabu ya miti ya kahawa likageuka kuwa suala la kuandikisha kifo, kufungua mirathi, kuthibitisha majina na kuidai halmashauri, na katika kulifuatilia nimeingia kwenye ofisi za Serikali ambazo hapo awali nilikuwa nikizipita nje tu. Siku hizi majirani na ndugu hunijia na maswali, hasa wathamini wanapofika katika vijiji vya jirani, nami nimeona ni vema niyaandike kwa utulivu yale ninayowaambia. Karibu yote yanatokana na jambo moja: mbele ya ofisi ya umma, haki ya mwananchi huhesabiwa kwa tarehe, na tarehe ambayo haimo kwenye karatasi haina wa kuitetea.

Kabla hata wathamini hawajafika, maneno yalikuwa yamekwisha kuzagaa kijijini kwamba asiye na hati hatalipwa chochote, na wapo waliokuwa tayari kuuza vipande vyao kwa bei ya kutupa kwa watu waliojitia kujua mambo ya mjini. Maneno hayo hayakuwa ya kweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua umiliki wa ardhi kwa mila na kuupa hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na Serikali, kwa hiyo hati ya hakimiliki ya kimila, kwa aliyenayo, ni ushahidi wa haki yake, wala si chanzo cha haki hiyo. Nayo Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali yake pasipo sheria inayoweka masharti ya kumlipa fidia inayostahili. Sisi hatukuwa na hati. Tulichokuwa nacho ni majirani waliojua mipaka tangu enzi za baba mkwe, muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji uliotaja eneo letu, na stakabadhi za kahawa tulizopewa na chama cha msingi msimu baada ya msimu, na hivyo vilitosha kutuingiza kwenye orodha ya wanaostahili kulipwa.

Stakabadhi hizo zilikuwapo kwa sababu mume wangu aliwahi kuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba kilo isiyoandikwa mbele ya mwenye mzigo huleta ugomvi jioni. Siku ya uthamini alitembea na wathamini mstari kwa mstari, akihesabu miti mikubwa, miche, migomba na miparachichi, huku mtoto wetu akiandika pembeni katika daftari la shule. Mwishoni walimkabidhi fomu aisaini mbele ya mtendaji wa kijiji. Aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akasema kwamba makaburi mawili, la baba yake na la mama yake, hayamo.

Kijana aliyeshika fomu alimjibu kwa upole, "Mzee, saini tu hapa, mengine yatarekebishwa ofisini."

"Mwanangu, mimi sikatai kusaini," alisema mume wangu, "lakini kitakachorekebishwa ofisini sitakiona, na wewe huenda utakuwa umehamishwa."

Akachukua kalamu, na juu ya saini yake akaandika kwa mkono: Nakubali idadi ya miti, makaburi mawili hayajaandikwa. Akaweka tarehe, akamwomba mtoto apige picha kila ukurasa kwa simu. Wapo majirani waliogoma kabisa kusaini kwa kuhofia kwamba saini ni kukubali kila kitu, na wapo waliosaini bila kusoma. Mimi naona njia yake ndiyo iliyo salama zaidi, kwa kuwa aliyegoma hubaki bila kumbukumbu ya mali yake, ilhali aliyesaini na kuandika pingamizi lake amelifanya pingamizi hilo kuwa sehemu ya fomu yenyewe, na yeyote atakayeifungua baadaye atakutana nalo. Makaburi yana sheria yake, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayotaka ndugu wa marehemu wajulishwe, na gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na za ibada au matambiko yanayohitajika, zilipwe. Kwa msingi wa maandishi yale machache, makaburi yaliingizwa kwenye hesabu hapo baadaye, na wazee wa ukoo wakapewa nafasi ya kusema ni wapi na kwa utaratibu gani wazazi wao wazikwe tena. Hilo kwangu lilikuwa na uzito kuliko fedha yote ya kahawa.

Kuhusu fidia yenyewe, wengi wetu hudhani ni bei ya miti na ardhi basi. Kanuni zilizotungwa mwaka 2001 chini ya sheria za ardhi zinataja thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na hasara ya faida. Posho ya usafiri hukadiriwa kwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilomita 20, na ya makazi kwa kodi ya nyumba ya miezi 36. Mwenye kuchukuliwa shamba lisilo na nyumba, kama sisi, hawezi kudai posho ya makazi, lakini aliyebomolewa nyumba asiikose kwenye karatasi yake, na akiikosa aulize kwa maandishi kwa nini haimo.

Kisha kukawa kimya. Tuliambiwa kwa mdomo tusiendeleze eneo lile, wala hakuna aliyetuambia tusiendeleze mpaka lini, na katika kimya hicho mume wangu aliugua na kufariki.

Katika msiba mtu hana nguvu ya kufikiria ofisi, hata hivyo sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Kwa aliyefia hospitali, hospitali hutoa taarifa ya kifo. Kwa aliyefia nyumbani, mtendaji wa kijiji ndiye wa kuanzia. Na cheti hutolewa na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ambayo katika wilaya nyingi huhudumu kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Shemeji yangu mdogo ndiye aliyelishughulikia hilo wakati mimi bado niko kwenye matanga, na ninamshukuru, kwa sababu bila cheti cha kifo hakuna mlango mwingine unaofunguka.

Kikao cha ukoo kilinipendekeza mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Nasisitiza neno kupendekeza, kwa kuwa hapa ndipo familia nyingi huku kwetu zinapoumizana: kikao cha ukoo hakimteui msimamizi, mahakama ndiyo inayomteua, na mjane ana haki ya kuomba usimamizi hata kama muhtasari wa kikao umemtaja mtu mwingine. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi zinazoongozwa na sheria za kimila au za Kiislamu, na maombi yakishapokelewa hutolewa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi naye si mmiliki. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu, na baadaye hesabu ya namna alivyogawa. Nilipofika na barua yangu ya usimamizi katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, niliambiwa kwamba jina la marehemu kwenye cheti cha kifo halifanani na lile la kwenye fomu ya uthamini: jina la pili lilikosa herufi moja, na jina la ukoo lilikuwapo upande mmoja tu. Jambo hili limewakwamisha wengi, ingawa si gumu. Nilikwenda kwa wakili ambaye ni kamishna wa viapo, nikala kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, hati ya kiapo ikaambatanishwa kwenye jalada. Ninachowashauri ndugu ni kwamba wasisubiri msiba ndipo walinganishe majina. Kitambulisho cha taifa cha NIDA, fomu za ardhi, akaunti ya benki na vyeti vya watoto vilinganishwe wakati mwenye jina yupo hai na anaweza kusema mwenyewe.

Sasa nifike kwenye masjala, yaani mahali ofisi inapopokelea barua na kutunza majalada, kwa sababu nadhani ni chumba ambacho wananchi wengi hawakijui, wakati ndicho chenye faida kubwa kwao kuliko ofisi ya mkubwa yeyote. Mtu wa kijijini akifika halmashauri hutaka kumwona mkurugenzi, na akimkosa hurudi nyumbani akisema amekwenda bure. Mimi nilijifunza kwenda masjala moja kwa moja na barua nakala mbili. Mara ya kwanza binti aliyekuwa dirishani aliniambia, "Shikamoo mama. Iache tu hapo, nitaipeleka kwa mkubwa." Nikamwitikia, nikamwambia, "Mwanangu, naomba unigongee muhuri na kwenye nakala yangu." Aligonga bila ubishi wowote: IMEPOKELEWA, tarehe katikati, na pembeni akaandika kwa kalamu namba ya jalada. Kuanzia siku hiyo kila barua niliyoandika ilianza kwa kutaja kumbukumbu namba ile, kwa hiyo kila moja iliingia kwenye jalada lilelile. Ofisa akihamishwa, na wanahamishwa sana, anayekuja hukuta mfululizo mzima, na mwananchi halazimiki kuanza kusimulia upya kwa mtu ambaye hana sababu ya kumwamini.

Barua muhimu kuliko zote ilikuwa ile ya kuomba taarifa. Kijijini sote tulikuwa tukihesabu ucheleweshaji kuanzia siku wathamini walipokanyaga mashamba yetu, na kila tulipolalamika tulijibiwa kwamba hesabu yetu si sahihi. Na kweli haikuwa sahihi. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inahesabu tangu tarehe ambayo Mthamini Mkuu wa Serikali ameidhinisha taarifa ya uthamini. Miezi sita ikipita tangu tarehe hiyo bila malipo, fidia huanza kudaiwa pamoja na riba. Miaka miwili ikipita, uthamini wenyewe hukoma kuwa halali na ni lazima mali ithaminiwe upya. Mtu anaweza kulia ofisini mwaka mzima kwamba amecheleweshewa, lakini kama haijui tarehe ya idhini hawezi kusema anadai riba ya miezi mingapi, wala hawezi kujua kama hesabu ya zamani bado inamfunga.

Tarehe hiyo haibandikwi kwenye mbao za matangazo. Ipo ndani ya jalada, na njia ya kuifikia ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na inaitaka taasisi ijibu ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo na ofisa akaliandika. Sikuandika maneno mengi. Nilitaja kijiji, jina la marehemu, namba ya fomu yake, barua ya usimamizi wa mirathi, kisha nikaomba mambo mawili tu: tarehe ambayo Mthamini Mkuu aliidhinisha uthamini huo, na nakala ya ukurasa unaohusu mali yetu. Jibu lilikuja ndani ya muda, likiwa na tarehe. Sikupata jibu kama hilo katika miezi yote ya kuulizia kwa mdomo, na sidhani kama maofisa walikuwa na nia mbaya. Ombi la mdomo halimpi mtu yeyote wajibu wa kulijibu.

Ilidhihirika kwamba miezi sita ilikuwa imepita, na miaka miwili bado. Malipo yalipofika yalikuwa ya kiasi kilekile kilichoidhinishwa, bila riba. Kanuni zinasema riba hiyo ikokotolewe kwa wastani wa viwango ambavyo benki za biashara hulipa kwenye amana za muda maalumu, kwa hiyo si fedha ya kumtajirisha mtu, lakini ni stahili ya kisheria, na watoto wa marehemu wana sehemu yao ndani yake. Nilipokea malipo na kuandika kwenye barua ya kukiri mapokezi kwamba ninapokea kiasi cha msingi na kwamba dai la riba linabaki.

Hapa ndipo wengi huuliza waende wapi, na hapa ndipo njia huchanganywa. Mgogoro kati ya jirani na jirani, kwa mfano kuhusu ni nani mwenye kipande kilichothaminiwa, huanzia kwenye usuluhishi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu. Kazi yake ni kupatanisha, na likishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkuu wa Wilaya anaweza kuwaita watu na kuwasikiliza, na wakati mwingine busara yake humaliza ugomvi, lakini kauli yake si hukumu na haihamishi umiliki wa ardhi. Dai dhidi ya halmashauri lina njia yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, kama ilivyorekebishwa mwaka 2020, mwenye dai dhidi ya Serikali, na hiyo ni pamoja na serikali za mitaa, hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu huku Mwanasheria Mkuu akiunganishwa kama mdaiwa. Jirani yetu mmoja, mtu mwenye dai la haki kabisa, alifungua shauri bila notisi hiyo na likaondolewa mahakamani kabla halijasikilizwa hata neno moja la ushahidi wake. Aliumia sana, na aliumia kwa jambo ambalo mtu yeyote mwenye ujuzi kidogo angemwambia asubuhi moja.

Ndiyo maana nasikitika kuona watu wakilipa vishoka wanaozunguka nje ya ofisi, wakati tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wengine wanaishi katika kata zetu na tunasali nao. Mimi nilielezwa habari za notisi ya siku 90 na msaidizi wa kisheria wakati wa Wiki ya Sheria, ile inayofanyika kila mwaka kabla ya Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, ambapo mahakama hufungua milango na kutoa elimu bila malipo. Mabadiliko mengine ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo hakuna sababu ya mama wa kijijini kuambiwa kwamba barua yake haitasomwa mpaka iandikwe kwa lugha asiyoijua.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Malipo halali ya Serikali hupitia namba ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba, na hutolewa stakabadhi. Anayetaka umtumie kwenye simu yake binafsi ili jalada litembee hakusanyi ada ya Serikali, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapigiwa simu bila malipo kwa namba 113. Kwa malalamiko ya ofisi kumnyanyasa mtu au kumpuuza ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko bila ada yoyote.

Notisi yangu imekwisha kupokelewa. Nakala yenye muhuri wa masjala ninayo, na ile ya Mwanasheria Mkuu ilitumwa kwa posta kwa rejista, na stakabadhi ya posta imebanwa nyuma yake. Nimeambatanisha barua ya usimamizi wa mirathi, jibu lenye tarehe ya idhini ya Mthamini Mkuu, uthibitisho wa benki wa siku fedha ilipoingia, na hesabu ya riba kati ya tarehe hizo, iliyokokotolewa na mtoto wetu yule aliyeandika hesabu ya miti. Halmashauri ikilipa ndani ya siku 90, fedha itagawanywa kwa warithi na hesabu yake itapelekwa Mahakama ya Mwanzo kama zilivyopelekwa nyingine. Isipolipa, shauri litafunguliwa Mahakama Kuu, Kanda ya Mbeya, na mimi ndiye nitakayesimama kama mdai kwa niaba ya mirathi ya marehemu.